Mke wa Mithali na Mke wa Tangazo

Kwa miaka mingi sisi wachungaji tumekuwa tukimhubiri harusini mwanamke ambaye hayumo katika Biblia. Tunamwita mke mwema, tunataja Mithali sura ya 31, washarika wanaitikia amina, bibi harusi anainamisha kichwa. Kisha tunaanza kumchora. Anaamka mapema, nyumba yake inang'aa, mashati ya mumewe hayana doa, chakula ni cha moto, watoto wamechanwa nywele, na jioni mume anaporudi yeye yuko mlangoni anatabasamu kana kwamba siku nzima hakuchoka. Tumemhubiri huyo kwa nia njema kabisa. Lakini tumemtoa mahali pengine, na mahali hapo ni ofisi za watu waliolipwa mshahara ili wauze sabuni.

Hilo ni shtaka, na tunalileta kwanza juu yetu wenyewe. Aliyetushtua ni mama mmoja mjane, muuza ndizi, aliyekuja kutuaga mlangoni baada ya ibada ya ndoa. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, Baba Mchungaji. Mahubiri mazuri. Ila yule mama uliyemsema, shamba lake umelipeleka wapi?" Tulicheka, naye akacheka, akaenda zake kuwahi gari. Usiku ule tuliifungua ile sura na kuisoma polepole, kama mtu anayehesabu fedha alizoambiwa hazikutimia.

Shamba lipo, mstari wa 16. Mwanamke yule analiangalia shamba, analinunua, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Mstari wa 18 anajua kwamba biashara yake inaleta faida. Mstari wa 24 anatengeneza nguo za kitani na kuziuza, na anawapelekea wafanyabiashara mishipi. Ana vijakazi, anawagawia kazi. Anawanyoshea maskini mkono. Anafungua kinywa na kusema kwa hekima. Mstari wa mwisho unaagiza apewe mazao ya mikono yake, na kazi zake zimsifu malangoni, yaani pale wazee wa mji walipokaa na kuamua mambo. Tulitafuta mstari unaosema alisugua sakafu. Haupo. Tulitafuta mashati meupe. Familia yake imevikwa nguo nyekundu. Uzuri wa uso unatajwa mara moja tu, na unatajwa ili kuambiwa kuwa ni ubatili.

Basi yule mwingine alitoka wapi?

Tunadhani jibu linaanzia Marekani, na linaanzia vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake wa Marekani waliitwa viwandani kwa mamilioni. Walichomelea meli, walipigilia ribiti kwenye mabawa ya ndege, waliendesha mitambo ambayo mwaka mmoja kabla waliambiwa haiwafai. Mabango yaliwasifu, mikono imekunjwa, misuli nje. Vita ikaisha mwaka 1945, askari wakarudi, na wanawake wengi waliondolewa kazini, wakiwamo waliotaka kubaki. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza zana za vita vikarudi kwenye friji, majiko ya umeme na mashine za kufulia. Bidhaa zilikuwa nyingi. Kilichohitajika sasa ni mtu wa kuzinunua, tena mtu atakayeamini kwamba asipozinunua ana kasoro moyoni.

Hapo magazeti kama Life, Good Housekeeping na Ladies' Home Journal yakajaa mwanamke mmoja yule yule. Amevaa gauni lililobana kiuno, viatu virefu, lulu shingoni na aproni safi juu yake. Amesimama mbele ya friji iliyo wazi, imejaa nyama, maziwa na matunda, mikono ameiinua kidogo. Sisi tunaosimama madhabahuni kila Jumapili tunaijua ishara hiyo ya mikono. Katika tangazo la mashine ya kufyonza vumbi ya Hoover, ni asubuhi ya Krismasi. Mwanamke amejilaza sakafuni kando ya zawadi yake na anatabasamu. Siku ya kuzaliwa kwa Bwana ameletewa kifaa cha kufagilia, na tunaambiwa furaha yake imetimia.

Mengine hayakuwa na haya hata kidogo. Mwaka 1953 kampuni ya Alcoa ilitangaza kifuniko kipya cha chupa kwa picha ya mwanamke aliyepaka rangi mdomoni, ameshika chupa, na swali la mshangao: kumbe hata mwanamke anaweza kuifungua? Mwaka 1952 kahawa ya Chase & Sanborn ilitangazwa kwa picha ya mume aliyekaa kitini, amemlaza mkewe magotini kama mtoto mtukutu, mkono umeinuliwa kumchapa. Kosa la mke ni kununua kahawa isiyo mbichi ya kutosha. Picha hiyo ilichorwa, ikapangwa, ikapitishwa na wahariri wa gazeti lililosomwa sebuleni na familia nzima, na hao wote waliiona ya kuchekesha. Sisi hatuwezi kuicheka. Tumeshakaa ofisini na mke mwenye jicho lililovimba kwa sababu ya ugali uliochelewa, na mume amekaa pembeni akituambia kwa utulivu kwamba alikuwa "anamfundisha". Hakuna aliyemwonyesha mume huyo tangazo la kahawa. Lakini yeye na mchoraji yule wanakubaliana kwamba jikoni pana mwenye makosa na pana hakimu, na kwamba nafasi hizo zimekwisha kugawanywa.

Hebu tutazame sasa jinsi tangazo lenyewe linavyofanya kazi, maana hapa ndipo Mluteri anapaswa kusimamisha masikio. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sabuni ya Wisk ilianza kutangazwa kwenye televisheni za Marekani kwa mtindo mmoja uliorudiwa kwa miaka mingi. Mume na mke wako mahali pa watu. Mara sauti inasikika ikizomea kwamba kwenye kola ya mume kuna mstari wa uchafu. Kamera inamgeukia mke. Uso wake unaanguka. Anarudi nyumbani, anapaka ile sabuni ya maji kwenye kola, uchafu unatoka, amani inarudi. Katika miaka yote hiyo tangazo halikumwuliza mume kwa nini haogi shingo.

Mnaiona liturgia yake? Kwanza sauti inashtaki. Kisha mwenye dhambi anaona aibu mbele ya watu. Kisha anatangaziwa ondoleo, lakini ondoleo lina bei na liko dukani. Mwisho ni uso wenye shukrani. Ni Sheria bila Injili. Luther alifundisha kwamba Sheria huonyesha dhambi na haina uwezo wa kumfanya mtu kuwa mwenye haki; mtu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Tangazo limechukua nusu ya kwanza ya fundisho hilo na kuweka pakiti mahali pa Kristo. Tena dhambi yenyewe limeitunga. Johann Tetzel, aliyezunguka na hati za msamaha karibu na Wittenberg mwaka 1517, walau aliuza kwa watu waliomwogopa Mungu. Mke wa Wisk anaogopa majirani. Na hati ya Tetzel, kwa uovu wake wote, mtu aliinunua mara moja akaiweka sandukuni. Weupe wa sabuni unakwisha Jumatatu jioni, na Jumanne sauti inazomea tena. Ndiyo maana sabuni hizo hazikutosheka kusema zinasafisha. Zilisema zinang'arisha zaidi ya safi, zinafanya nyeupe kuliko nyeupe. Hakuna nguo iliyowahi kufika huko, wala haikukusudiwa ifike.

Kuna mfano mmoja tunaoutaja kwa uzito, nao ulianza kabla ya miaka hiyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 Lysol, dawa ya kuua vijidudu vya sakafuni na chooni, ilitangazwa kwa wake wa Marekani kama dawa ya usafi wa mwilini, tena usafi wa sirini. Matangazo yalionyesha mke anayelia nyuma ya mlango, mume ameanza kuwa baridi, na maelezo yalisema chanzo ni uzembe wake mwenyewe. Wanawake waliitumia. Wapo walioungua, na wapo waliokufa. Wengi waliitumia pia wakiamini inazuia mimba, maana siku hizo hawakuruhusiwa kuambiwa mambo hayo wazi. Tunasema hayo katika kitabu cha kanisa kwa sababu kanisa limenyamaza sana juu ya mwili wa mwanamke, na palipo na ukimya wetu mwuzaji anapata nafasi ya kusema.

Yuko pia mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwaka 1921 kampuni ya unga ya Washburn-Crosby, mjini Minneapolis, ilikuwa ikipokea barua nyingi za wanawake wanaouliza mambo ya kuoka. Ikaonekana barua zijibiwe na mwanamke, basi ikambuni, ikampa jina Betty Crocker na saini ya kuandika chini ya majibu. Baadaye alipewa sauti redioni, na mwaka 1936 akapewa uso uliochorwa. Mwaka 1945 gazeti la Fortune lilimweka wa pili kwa umaarufu kati ya wanawake wote wa Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt pekee. Mwanamke wa kwanza alikuwa mke wa rais, mwenye maoni, safari na maadui. Wa pili hakuwapo. Hakuzeeka, hakuugua, hakufiwa, keki yake haikuungua hata siku moja. Mamilioni ya wake wenye pumzi walipimwa kwa kipimo cha mtu asiye na pumzi, na wakaonekana wamepungua.

Keki ina kisa chake. Unga wa keki uliochanganywa tayari ulipoingia sokoni, ikasimuliwa kwamba haukununuliwa kama ilivyotazamiwa mpaka mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Austria, Ernest Dichter, alipoeleza sababu: kazi ilikuwa rahisi mno, mke aliona haya. Mwache avunje yai yeye mwenyewe, naye atajiona amefanya kitu. Wasimulizi wamekipamba kisa hiki, maana kampuni ya Duff ilikuwa imekwisha kupewa hataza ya unga unaoongezewa mayai mabichi mwaka 1935, kabla Dichter hajafika Marekani. Lakini Dichter kweli alikuwapo, na kazi yake ilikuwa kweli kuchungulia huzuni za wake wa nyumbani ili wenye viwanda wajue pa kubonyeza. Betty Friedan, mwandishi wa Kimarekani wa ukoo wa Kiyahudi, alifunguliwa ripoti za mtafiti wa namna hiyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1963, The Feminine Mystique, akaeleza alichokiona: wauzaji walijua fika kwamba wanawake wana kiu ya maisha yenye maana, wakashauriana jinsi ya kuigeuza kiu hiyo iwe kiu ya vitu. Jambo hilo lilipaswa kutoka mimbarani kwanza. Sisi tulio na hadithi ya mwanamke Msamaria kisimani, mwenye kiu ambayo ndoo haikuweza kuikata, tulinyamaza. Wenzetu wa mimbara za Marekani wakati huo walikuwa na washarika wengi kuliko wakati wowote.

Ndugu msomaji ataweza kusema, hata hivyo mashine zile ziliwapunguzia kazi. Hatulikatai jambo hilo kwa wepesi. Aliyewahi kubeba ndoo kutoka bondeni mpaka mgongo ukauma hawezi kumdharau mwenzake kwa kufurahia bomba na mashine ya kufulia, na mchungaji asiyefua nguo zake anyamaze kabisa. Lakini hesabu ilifanywa. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alichapisha matokeo ya kulinganisha saa. Mke wa nyumbani wa Marekani asiye na ajira alitumia kama saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani miaka ya 1920. Miaka ya 1960, akiwa na mashine karibu zote, alitumia kama saa 55. Msomaji arudie namba hizo. Mashine iliokoa muda, na tangazo likaudai muda huo. Shati lililofuliwa mara moja kwa wiki likatakiwa kufuliwa kila siku. Sakafu iliyotosha kuwa safi ikatakiwa kumwonyesha mtu uso wake.

Na kazi iliyobaki ilikuwa ya namna gani? Bibi wa mwanamke yule wa lulu alitengeneza sabuni mwenyewe kwa mafuta ya wanyama na magadi ya majivu. Alishona, alioka, alisindika, aliuza mayai. Nyumba yake ilikuwa karakana, na yeye alikuwa fundi. Viwanda vilichukua sabuni, vikachukua nguo, vikachukua mkate, kisha vikamrudishia hivyo vyote kwa bei na kumpa jina la malkia wa nyumba. Ni malkia asiyetengeneza kitu, asiyemiliki kitu, mwenye madaraka ya kuchagua pakiti. Tarehe 24 Julai 1959, kwenye maonyesho ya Marekani mjini Moscow, makamu wa rais Nixon alibishana na Khrushchev katikati ya jiko la mfano kuhusu nani kati yao amemrahisishia zaidi mke maisha. Picha zipo. Wanaume wamejaa jikoni, na hakuna hata mmoja anayepika.

Tumtaje na mwanamke aliyewekwa kwenye pakiti bila kuitwa malkia. Nancy Green alizaliwa utumwani Kentucky. Alikuwa mpishi na mlezi wa watoto wa watu, kisha wenye unga wa chapati za Kimarekani wakamwajiri awe Aunt Jemima, jina lililotoka kwenye michezo ya kuwadhihaki Weusi jukwaani. Alionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, akipika na kusimulia uzuri wa siku za mashamba ya watumwa. Aliyekuwa mtumwa akalipwa aseme utumwa ulikuwa mtamu. Nancy Green alifariki mwaka 1923, lakini uso wa Aunt Jemima uliendelea kutabasamu kwenye pakiti katikati ya karne na baadaye sana. Kampuni iliuondoa karne hii, baada ya miaka zaidi ya 100. Basi katika jiko lile la tangazo kulikuwa na wanawake wawili. Mweupe aliambiwa kazi ya nyumbani ni upendo, hivyo hailipwi. Mweusi aliambiwa ni furaha yake ya asili, hivyo inalipwa kidogo. Nancy Green alikuwa mshirika wa kanisa la Olivet Baptist, Chicago, na huko, tunaamini, alikuwa na jina lake mwenyewe.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu, ya zamani, ya mbali. Tungependa iwe hivyo. Lakini Unilever, iliyoundwa mwaka 1929 kwa kuunganisha wenye sabuni wa Uingereza na wenye majarini wa Uholanzi, ilikuwa na soko Afrika tangu enzi za ukoloni, na bidhaa zake, Lux, Omo na Blue Band, tumekua nazo mezani na beseni la nguo. Kwa watu wengi wa umri wetu Omo lilikuwa jina la sabuni yoyote ya unga. Pamoja na sabuni ilikuja picha: mama, beseni, shati jeupe la shule lililoinuliwa juani, na baba ambaye haonekani mpaka chakula kiive. Picha hiyo ilikuta wanawake waliolima, waliokata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani, waliokwenda sokoni alfajiri na kurudi na fedha ya karo. Haikuwaondolea hata moja ya kazi hizo. Iliongeza tabasamu juu yake. Leo binti wa usharika wetu anarudi kutoka benki au shambani saa kumi na mbili jioni na kuanza zamu ya pili, na kwenye kicheni pati amekwisha kuambiwa na shangazi kwamba mume akikuta vyombo vichafu ataenda kwa mwingine. Hilo ndilo tangazo la Lysol, neno kwa neno, limefungwa kanga. Na siku ya pili sisi tunalitia muhuri kwa Mithali 31.

Wengine watatuletea Tito sura ya 2, kwamba wake vijana wafundishwe kufanya kazi nyumbani. Neno hilo tunalipokea. Tunauliza tu nyumba ipi. Nyumba ya siku za mitume ilisaga, ilifuma, ilishona mahema na kupokea wageni wa biashara. Lidia wa Thiatira aliuza vitambaa vya zambarau, na nyumba yake ikawa mahali pa kanisa la Filipi. Prisila alishona mahema pamoja na Akila, na pamoja naye alimfundisha Apolo, msomi wa Maandiko, njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kama hao ndio watunza nyumba, basi fundisho la Tito ni zito kuliko tulivyolifanya. Na Martha, ambaye tangazo lolote lingempa nafasi, ndiye ambaye Bwana alimwambia kwa upole kwamba anasumbuka kwa mambo mengi. Hakumsifu kwa sahani.

Sisi Waluteri tuna sababu nyingine ya kuona aibu. Katika maandishi yake kuhusu ndoa ya mwaka 1522, Martin Luther alieleza habari za baba anayefua nepi za mtoto wake. Majirani wanamcheka na kumwita mpumbavu wa kike, lakini Mungu na malaika wote wanatabasamu, kwa sababu anafanya kazi hiyo katika imani. Ni kweli kwamba alipoandika hivyo alikuwa bado mtawa asiye na mke, na huenda ndiyo maana aliandika kwa uchangamfu. Ni kweli pia kwamba mezani kwake, miaka ya baadaye, alisema maneno juu ya wanawake ambayo hatutayarudia hapa. Lakini fundisho lake la wito limesimama: kufua ni kazi takatifu, na kwa sababu ni takatifu haina jinsia. Aliyeigawa kwa jinsia na kuifanya kipimo cha thamani ya mwanamke hakuitoa Wittenberg.

Na mke wake? Katharina von Bora alitoroka utawani mwaka 1523 na kuolewa mwaka 1525. Aliendesha jengo zima la utawa wa zamani lililojaa wanafunzi wapangaji, alipika pombe ya shayiri, alifuga nguruwe na ng'ombe, alisimamia bwawa la samaki na shamba la Zülsdorf. Luther katika barua zake alimtania kwa kumwita Bwana Käthe. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake, maana bila hesabu za Katharina nyumba ile ingefilisika kwa ukarimu wa mumewe. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia uliomfanya Katharina mrithi wake, jambo ambalo sheria za Saksonia hazikulipa njia rahisi, na alipofariki mwaka 1546 mjane huyo ilimbidi apambane na wakubwa waliotaka mali na watoto viwe chini ya wengine. Huyo ndiye mama wa nyumba ya kichungaji ya Kiluteri. Ana shamba. Yule mjane muuza ndizi angemtambua mara moja, na angeitambua kesi yake pia, kwa kuwa wajane wa washarika wetu wanaijua kesi hiyo kwa majina ya mashemeji.

Hatuisemi sabuni vibaya. Sabuni imeokoa watoto wengi, na nyumba safi ni kitu chema, tena kitamu kuingia. Tunachokikataa ni mahubiri yaliyobandikwa kwenye pakiti, na tunakataa zaidi kuwa sisi ndio wasomaji wake. Kanisa letu, KKKT, lilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado tumesikia wazee wa kanisa wakimsifu mchungaji mwanamke kwa kwanza kusema kwamba chai yake ni nzuri.

Katika usharika wetu tumebadilisha kitu kimoja, kidogo. Mafundisho ya ndoa yalikuwa na jioni ya mwisho ambapo kina mama walimchukua bibi harusi pembeni kumfunda mambo ya nyumba, na bwana harusi alibaki nasi kuzungumza juu ya fedha. Sasa wote wawili wanakaa katika mazungumzo ya fedha, pamoja na jina la nani litaandikwa kwenye hati ya kiwanja, na wote wawili wanakwenda nyuma ya ukumbi kwenye beseni. Bwana harusi wa kwanza alikataa, akasema atawaleta dada zake. Wa pili alicheka tangu mwanzo mpaka mwisho, akapiga picha. Wa tatu alikunja mikono ya shati, akatazama ile kola kwa muda, kisha akauliza kama maji yawe ya moto au ya baridi.